Kikohozi cha Nellie Colclough

Kwenye chakula cha baada ya mazishi ya Hilda Plant, katika ukumbi ulio juu ya duka la ushirika mjini Burslem, mji wa Kiingereza wa viwanda vya vyombo vya udongo, Marjorie Colclough alipewa sahani yenye vipande viwili vya nyama ya nguruwe, yai la kuchemsha lililokatwa katikati na vijiko vitatu vya bitiruti ya siki. Akaishukuru ile mikono iliyompa, kisha akainyanyua sahani juu ya kichwa chake ili aone chini imetengenezwa na nani. Bitiruti ikamwagikia blauzi.

Hakuna aliyecheka. Ukumbini walikuwamo watu arobaini na kitu, na hakuna hata mmoja ambaye hajawahi kujimwagia chakula kwa sababu hiyo hiyo. Watu wa Burslem hugeuza sahani. Wanageuza hotelini, wanageuza ukweni, wanageuza harusini mbele ya mchungaji. Mwaka mmoja meya aligeuza bakuli la supu mbele ya balozi wa nchi ya kigeni. Balozi akadhani ndiyo namna ya kubariki chakula, naye akageuza la kwake.

Chini ya sahani hapakuwa na muhuri wa kiwanda. Palikuwa na alama moja tu ndogo ya rangi nyekundu, mkia kama wa koma na nukta tatu, ya aina ile ambayo wanawake wachoraji walikuwa wakiiweka ili kazi ya huyu isichanganywe na ya yule. Marjorie aliijua alama hiyo tangu utotoni. Akaiweka sahani mezani, akaigonga ukingo kwa kifundo cha kidole, kama ambavyo mtu yeyote wa pale angefanya.

Sahani ikakohoa.

Kukohoa kwenyewe si habari. Sahani za udongo zilizotoka katika viwanda visivyokuwa na feni za kufyonza vumbi hukohoa zikigongwa, na nyingine hukohoa zenyewe hali ya hewa ikibadilika. Kwenye orodha za mnada huandikwa, "ina kikohozi kidogo, vinginevyo nzuri." Jumba la makumbusho limeziweka katika chumba cha peke yao upande wa nyuma, ili wageni waone maua yaliyochorwa kwenye vyombo vingine bila kusumbuliwa. Zilizopelekwa Kanada zilikohoa majira yote ya baridi, na wenyewe waliandika barua kulalamika. Wakajibiwa kwamba wazipashe moto kidogo kabla ya kutumia.

Kilichomfanya Marjorie atafute kiti ni kwamba kikohozi chenyewe alikifahamu. Kilianza kwa vitatu vifupi, kikanyamaza kana kwamba kimekwisha, halafu kikaja cha nne, kirefu, cha kukwangua, chenye mvuto mwembamba mwishoni. Hivyo ndivyo alivyokohoa mama yake, Nellie, aliyefariki Februari ya mwaka 1951 akiwa na miaka arobaini na mitatu. Sasa ilikuwa Oktoba ya 1998. Marjorie alikuwa na miaka sitini na sita, ameshastaafu upishi wa shule. Hakuolewa, ukimwuliza kwa nini, atakuuliza wewe uliyeolewa umepata nini.

Akamwita Derek, mwana wa marehemu Hilda, aliyekuwa anapita na birika la chai.

"Derek, hii sahani ya nani?"

"Ya mama. Zilikuwa sita, imebaki hiyo. Mbona umeikumbatia? Bitiruti yetu umeshamwaga, sasa na chombo unataka?"

"Sikiliza." Akaigonga tena.

Derek akasikiliza mpaka mwisho, birika mkononi. "Ndiye yeye," alisema. "Hapo mwisho anapovuta." Kisha akatia kipande kizima cha mkate mdomoni, kama mtu mwenye neno asilotaka kulitoa.

Marjorie aliondoka na sahani akiwa ameifunga kwa taulo. Njia nzima alikuwa akiwaza jambo moja. Mama yake alikuwa mchoraji wa maua, hilo lilijulikana. Na wachoraji hawakufa kwa kifua.

Mtu asiyezaliwa kule hawezi kujua uzito wa neno hilo, mchoraji. Kiwandani kulikuwa na ngazi, na si ile ya mbao. Chini kabisa walikuwa watu wa upande wa udongo, wenye vitambaa kichwani na aproni zilizokauka mpaka zikisimamishwa zinasimama. Juu walikuwa wachoraji. Hao walikwenda kazini na kofia na glavu nyeupe, wakakaa dirishani kwenye mwanga, na jioni walinukia mafuta ya tapentaini. Nellie Colclough alitoka nyumbani kila asubuhi na kofia ya buluu na glavu, na alirudi akinukia tapentaini. Alimfundisha bintiye kuchora koma na nukta tatu juu ya mvuke wa kioo cha dirisha. "Hiyo ndiyo mimi," alimwambia. "Ukiiona popote duniani, ni mimi." Na alimkataza asikanyage kiwandani hata kwa kumpelekea mkate.

Alipofariki, daktari alisimama miguuni pa kitanda, mkoba wake uko wazi, akauliza, "Alikuwa akifanya kazi gani?" Kama angejibiwa upande wa udongo, ingempasa aandike barua kwa ofisi inayochunguza vifo, na mapafu yangefunguliwa na kutazamwa. Marjorie, aliyekuwa na miaka kumi na tisa, alijibu kabla swali halijaisha, tena kwa kichwa kilichoinuliwa: "Mchoraji." Daktari akafunga mkoba. Akaandika mkamba wa muda mrefu, akaongeza kwa mdomo kwamba nyumba ina unyevu. Baba yake Marjorie aliishi na neno hilo la unyevu miaka minane, akipaka chokaa ukuta ule ule kila masika, kisha naye akafa.

Na Marjorie, kwa mshahara wake wa kwanza wa jikoni, alimlipa mchonga mawe achonge kwenye kaburi, chini ya jina, koma na nukta tatu.

Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, Bi Ivy Sherratt hukaa katika ukumbi wa kanisa la Wamethodisti, kati ya meza ya wafuma sufu na meza ya vitabu vilivyochakaa, na kuwaambia watu vyombo vyao vimetoka wapi. Alikuwa na miaka themanini na mmoja. Arobaini kati ya hiyo aliipitisha ghalani akigonga sahani moja moja, nzima huku, mbovu kule, mpaka kifundo cha kidole chake cha kati kikawa bapa kama kitufe. Alikuwa na vitabu vitatu vya mihuri ya viwanda, vyote amevisahihisha kwa penseli.

Derek ndiye aliyemwendesha Marjorie, kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha na sahani haikupenda mvua. Mbele yao alikuwapo bwana mmoja mwenye birika.

"Hili la miaka mia mbili, Bi Ivy," alisema yule bwana. "La ukoo."

Bi Ivy hakuligusa. "Lina alama ya kuoshea kwenye mashine, kipenzi. Ukoo wenu walikuwa na mashine?"

Yule bwana akaondoka na ukoo wake. Marjorie akafungua taulo.

Bi Ivy aliiweka sahani kwenye viganja na kuipima uzito kwanza, macho ameyafumba. Akapitisha kucha kwenye duara la chini, mahali inapokalia. Akaielekeza dirishani. Palikuwa na vidoa vitatu vitatu, sehemu tatu, vilivyoachwa na vigingi vilivyoitegemeza ndani ya tanuri, na ndani ya duara lile la chini kioo, yaani ule mng'ao unaopakwa juu ya udongo, kilikuwa kimejikusanya kwa rangi ya kijani hafifu, kama maji ya mto wenye majani.

"Goldstraw," alisema. "Jabez Goldstraw na Wanawe, barabara ya chini. Hakuna mwingine aliyeweka vigingi karibu na ukingo hivyo. Walikuwa wabahili wa nafasi. Maua haya ni namba 2614, yakiitwa Asubuhi ya Mei. Walianza mwaka thelathini na sita, wakaacha vita vilipopamba moto. Muhuri haina kwa sababu haikuuzwa. Hii ilitoka langoni chini ya aproni ya mtu."

"Na alama?" aliuliza Marjorie, ingawa alijua.

Bi Ivy akafungua daftari la penseli, akashuka na kidole. "Koma na nukta tatu. Goldstraw, chumba cha juu, benchi la dirishani. Hilda Plant."

"Hapana," alisema Marjorie. "Hiyo ni ya mama yangu. Nellie Colclough. Iko kwenye kaburi lake."

Bi Ivy akamtazama Derek. Derek akatazama dari, ambayo haikuwa na kitu.

"Haya, tumsikilize mwenyewe," alisema Bi Ivy, na akaigonga sahani kwa kile kifundo bapa. Wafuma sufu wakashusha sindano zao kwa adabu. Vitatu vifupi, kimya, kisha kile kirefu. Bi Ivy alikuwa ameinama, sikio karibu ligusane na maua. Akaigonga tena, safari hii chini, akasikiliza tena kama daktari asiyetaka kusema haraka.

"Kipenzi," alisema, "mama yako hakuwa mchoraji."

"Alikwenda kazini na glavu."

"Hata wasugua kingo walikuwa na mikono. Nisikilize. Sahani humfikia mchoraji ikiwa imeshachomwa, imeshapakwa kioo, imeng'aa. Mchoraji akiikoholea, kikohozi kinakaa juu. Unapitisha kitambaa, kimekwenda. Hiki kimo ndani ya udongo wenyewe, chini ya kioo, chini ya maua. Aliyekohoa hapa aliishika ikiwa mbichi na kavu, kabla haijaona moto wowote. Ni mmoja tu aliyekuwa akiishika namna hiyo, na uso wake umeinamia." Akaonyesha kwa mikono: sahani inazunguka kwenye kigurudumu, na fungu la katani linasugua ukingo mpaka uwe laini, na vumbi linapanda. "Dazeni mia kwa siku na zaidi. Vumbi la gumegume. Wewe unavuta vumbi la sahani, nayo sahani inavuta pumzi yako. Halafu inaingia kwenye tanuri na kikohozi kinafungwa humo."

Marjorie alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba Bi Ivy ni mzee na masikio yake ni ya mzee.

"Ni ya mzee, ndiyo," alisema Bi Ivy. "Yalikuwa ya kijana, yakaisha kwa kazi hii hii."

Ndipo Derek alipovuta kiti.

"Mama yako alikuwa akipita kwetu," alisema. "Kila siku, saa kumi na mbili na robo asubuhi. Nilikuwa mdogo, nakula uji wangu. Anavua kofia anaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, glavu anazikunja ndani yake, anavaa aproni. Aproni ilikuwa ikilala kwetu. Jioni anarudi mweupe mwili mzima, hata kope. Mama anampiga brashi uani, mpaka majirani wakadhani tunakung'uta zulia. Halafu mama anachovya kidole kwenye chupa ya tapentaini, anampaka hapa, na hapa." Akagusa nyuma ya masikio yake yote mawili. "Kama manukato. Wanacheka wenyewe. Halafu anaanza kukohoa, na mama anaacha kucheka."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Tulipokuwa shule ulinipiga kwa kusema mama yako ana vumbi kwenye viatu."

"Nilikupiga vizuri?"

"Jino hili si langu."

Marjorie akaigeuza sahani akaitazama alama. Kisha akasema, "Mama yako alikuja mazishini. Alisimama pale jiwe lilipowekwa. Aliiona alama yake."

"Aliiona."

"Akasema nini?"

"Alisema jiwe zuri."

"Na lake? Mtaichonga kwenye la kwake?"

Derek alichezea funguo za gari. "Tulimwuliza mwaka jana, alipoanza kuumwa. Tulimwambia, mama, tutakuwekea ile alama yako. Akasema haiwezekani, imeshatumika."

Bi Ivy aliandika kwenye kadi yake, kama anavyomwandikia kila mtu: kiwanda, namba ya maua, jina la maua, miaka. Penye mstari wa mchoraji akaandika Hilda Plant. Kadi haikuwa na mstari wa msugua kingo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuliza. Akaupiga kwa rula, akaandika Nellie Colclough. Kisha akasema, bila kumwangalia mtu, kwamba Goldstraw walipofunga walichapisha kitabu cha kumbukumbu chenye picha za rangi, na kwenye ukurasa wa mwisho waliandika kwa fahari kwamba katika miaka tisini hakuna mwanamke wao hata mmoja aliyekufa kwa vumbi.

"Wasugua kingo walikuwa wangapi?" aliuliza Marjorie.

"Chumba kimoja, ishirini na wawili. Nimewasikia karibu wote hapa mezani. Wote waliandikwa vifua vibovu."

Siku ya pili Marjorie alipanda basi kwenda Hanley, kwa msajili wa vizazi na vifo. Alivaa koti lake zuri. Sahani aliibeba mapajani, na mama mmoja aliyeketi jirani, alipoisikia, alimpa peremende ya koo. Marjorie alimshukuru akaitia mfukoni, kwa kuwa hakujua aiweke wapi.

Msajili aliitwa bwana Keith Beech. Alikuwa na umri wa kuweza kuwa mwanawe, na alikuwa mtu mwema. Hilo lisemwe mapema, kwa sababu wema wake haukubadilisha kitu. Alipoiona sahani inawekwa kwenye dawati lake aliinuka akafunga dirisha.

"Asipigwe na upepo," alisema. "Nikusaidie nini, mama?"

"Nataka mrekebishe cheti cha kifo. Nataka iandikwe kazi aliyoifanya, na kilichomuua."

Akaeleza. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama anayepanga sahani za watoto mia tatu: vigingi, kioo cha kijani, namba 2614, udongo mbichi, kofia kwenye msumari. Akatoa kadi ya Bi Ivy. Mwisho akaigonga sahani. Bwana Beech alisikiliza kikohozi chote, na kile cha nne kilipofika aliweka kalamu chini.

"Hilo ni vumbi," alisema. "Babu yangu alikuwa nalo. Hilo halina ubishi."

"Basi andika."

Akaenda akaleta kitabu kikubwa cha mwaka 1951, akakifungua, akakigeuza ili naye aone. Ellen Colclough, kwa kuwa Nellie lilikuwa jina la nyumbani, mwanamke, miaka 43. Kazi: mchoraji wa vyombo. Sababu ya kifo: mkamba wa muda mrefu. Mtoa taarifa: M. Colclough, binti, alikuwapo wakati wa kifo. Chini yake palikuwa na saini ya msichana wa miaka kumi na tisa, ndefu, yenye kitanzi kwenye herufi ya kwanza.

"Hapa karani alianza kuandika kitu akakikata," alisema bwana Beech, akiweka kidole. "Naona herufi za mwanzo. Mfanyakazi wa."

"Mfanyakazi wa kiwanda. Nilimwambia akate. Nilimwambia aandike mchoraji."

Bwana Beech akaitaja sheria, polepole, kama mtu anayesoma majina ya marehemu kanisani. Ili kurekebisha kazi, inatakiwa karatasi ya mwajiri, iliyoandikwa kabla ya kifo. Vitabu vya mishahara vya Goldstraw vilitupwa mwaka kiwanda kilipobomolewa. Viliondoka kwenye lori pamoja na matofali. Ili kurekebisha sababu ya kifo, inatakiwa daktari yule yule aliyetia saini. Huyo alizikwa mwaka sitini na tatu. Ama sivyo, uchunguzi mpya, na huo hufunguliwa pakiwa na shaka wakati ule, na wakati ule hapakuwa na shaka, kwa kuwa mtoa taarifa alikuwa na hakika.

"Mtoa taarifa ni mimi. Nasema nilikosea."

"Najua, mama. Lakini kukosea kwako kumeshasainiwa. Kusahihisha kwako kunahitaji karatasi."

"Na sahani?"

Aliitazama sahani kwa heshima. "Sahani nimeisikia. Ningeapa mahali popote kwamba nimeisikia. Ila chumba kile kilikuwa na wanawake ishirini na wawili, na sahani haisemi jina, inakohoa tu. Na ikisema, haina saini." Akasugua paji la uso. "Si wewe wa kwanza. Mwaka juzi alikuja mtu na bakuli zima la supu na mfuniko wake. Tulishindwa hata kuongea."

"Ulimwambia nini?"

"Haya haya."

Marjorie aliuliza ni kitu gani basi kinachoweza kurekebishwa. Bwana Beech akasema jina, kama lina kosa la herufi. Hilo linafanyika siku hiyo hiyo, hata sasa. Marjorie akainama akasoma jina la mama yake herufi kwa herufi, akitafuta kosa. Lilikuwa limeandikwa sawasawa.

Akaomba nakala. Bwana Beech akamwandikia kwa mkono wake mwenyewe, kwa wino, akapiga muhuri, akaupuliza ukauke. Alimfungulia mlango, akamshika kiwiko kwenye ngazi, akasubiri naye kituoni mpaka basi likaja.

Nyumbani ilikuwa alasiri bado. Marjorie aliwasha jiko la gesi, akapasha chapati mbili za oti, akatia jibini, akazila akiwa amesimama. Sahani aliilaza mezani, na ikilala ilikohoa zaidi, mfululizo, bila kupata nafasi kati ya kimoja na kingine. Akakumbuka kwamba majira yale ya mwisho mama yake hakuweza kulala chali. Alikaa kwenye kiti cha mikono kuanzia Desemba, mto mgongoni, mwingine chini ya kiwiko. Kwa hiyo aliichukua sahani, akaisimamisha kwenye kiti cha mikono karibu na dirisha, akaweka mto nyuma yake, na mwingine upande ili isiteleze. Kikohozi kikapungua. Kikawa kinakuja mara moja moja.

Akaleta kigoda akaketi mbele yake. Akafungua ile nakala, akavaa miwani, akamsomea.

Alisoma jina. Alisoma umri. Alisoma kazi, mchoraji wa vyombo, na hapo sahani ilinyamaza kabisa. Lori lilipita barabarani, vikombe vikatetemeka kabatini, na yenyewe haikutoa sauti. Marjorie akasoma mstari huo mara ya pili, kwa sauti ya juu kidogo, na bado ilikuwa kimya, imekaa wima kwenye mto wake.

Kisha akasoma sababu ya kifo. Sahani ikaanza: vitatu vifupi, kimya, na kile kirefu. Marjorie alisubiri mpaka kikamalizika, akasoma tarehe.